Mtu Asiyetaka Kuhesabiwa

Waberi, Garissa
14 Septemba 2024

Ina-adeer Abshir, binamu yangu,

Asalaam aleikum. Naandika kwa Kiswahili na najua utacheka. Lakini fikiria: nikikutumia ujumbe wa sauti kwa Kisomali, nyumba nzima itausikiliza kabla yako, na dada yangu Ebla atautia chumvi. Barua pepe ya Kiswahili hakuna mtu hapa mwenye subira nayo. Mwalimu wetu wa bweni alitulazimisha tuandikiane insha kila Jumapili, tukamlaani. Leo namshukuru.

Ofisi ya mifugo ni ileile. Sasa nimepewa dirisha langu mwenyewe, lenye wavu, na kiti kisicho na mgongo. Naandika vibali vya kusafirisha mbuzi na ng'ombe. Wafugaji wananiita "daktari", mimi ambaye sijawahi kutibu hata kuku.

Baba yako ameikuza picha yako ya uwanja wa ndege na kuitundika dukani, juu ya magunia ya mchele. Kila anayekuja kununua sukari huambiwa, "Huyu ni wetu. Anasoma nchi tatu kwa shahada moja." Juzi mteja mmoja alimuuliza, "Na mwingine kama huyu mnaye?" Baba yako akanionyesha kwa kidevu. "Huyu naye kasoma, ila kaishia hapa karibu." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Yule mteja alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Labda ni mimi tu, unanijua. Lakini nilitamani picha ile ishushwe.

Niandikie. Wanakula nini huko?

Ndugu yako,
Dagane


Debrecen, Hungaria
2 Novemba 2024

Ina-adeer,

Waaleikum salaam. Wanakula viazi. Wakichoka na viazi wanakula supu ya viazi.

Wiki za kwanza nilidhani nitarudi. Nilimsalimu mzee mmoja kwenye tramu, akahama kiti. Nilikaa siku tatu bila mtu kunitaja jina. Siku moja nilijikuta nasimama mbele ya kioo bafuni na kujisalimia mwenyewe, salamu yote, nikaulizia mvua, nikaulizia ngamia, nikajibu.

Kisha jambo likageuka, na sijui niliseme vipi bila kukuudhi. Hapa hakuna anayeniuliza mimi ni mwana wa nani. Mwanzoni niliona kama nimevuliwa nguo. Sasa naona kama nimetuliwa mzigo ambao sikujua nimeubeba. Nikifanya vizuri ni mimi. Nikikosea ni mimi. Mwenzangu mmoja kutoka Chile aliniuliza, "Wewe unapenda nini?" Nikaanza kumwambia sisi watu wa Habaswein tunapenda nini. Akanikatiza: "Nimekuuliza wewe." Nilikaa pale kama mjinga, Dagane.

Sasa ninayo majibu machache. Napenda theluji. Napenda kuchelewa bila mtu kunitafuta.

Mwambie Baba aipunguze ile picha, lakini usiseme ni mimi niliyekutuma.

Abshir


Waberi, Garissa
19 Januari 2025

Ina-adeer,

Inna lillahi. Kuna msiba, na umetoka kwetu.

Jama, yule binamu yetu anayechunga ngamia wa mlango wetu wa ukoo kule kwetu Habaswein, ameua mtu. Nakuandikia kama ilivyonifikia. Walikuwa kwenye hori la kunyweshea. Ngamia wetu walitangulia kufika, wa upande wa pili wakaingizwa katikati. Mmoja akasema neno, mwingine akajibu, Jama akainua fimbo. Kijana akaanguka na kugonga kichwa kwenye saruji ya hori. Aliitwa Alio, mwana wa Mzee Salad. Hakufika hospitali.

Jama amejipeleka polisi mwenyewe, yuko rumande. Wewe na mimi tunajua rumande si mwisho wa jambo. Alhamdulillahi, wazee wa pande zote mbili wamekaa chini ya turubali na kukubaliana mag, fidia ya damu. Upande wa Mzee Salad umeweka sharti lile la kawaida: wanaume wote wa mlango wetu wahesabiwe kwa majina, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake, "Tumemuua mwana wenu, tusameheni." Hata vikongwe wasioona wamesema. Mimi nilisema kwa simu, hapa dirishani, foleni nzima ikinisikiliza.

Umebaki wewe. Fungu lako la fidia baba yako ameshalitoa. Linatakiwa neno lako tu. Tuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Sentensi ile ile, halafu ulale.

Na tafadhali, usiweke picha mpya mitandaoni kwa sasa.

Dagane


Évora, Ureno
9 Februari 2025

Dagane,

Nimehamia nchi ya pili. Mji mweupe, machungwa yanaanguka barabarani na hakuna anayeyaokota.

Nimesikitika kwa ajili ya kijana yule. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, usidhani nimelichukulia wepesi. Darasani tulikuwa tunazungumza juu ya adhabu, na yule mwenzangu wa Chile akasimulia jinsi babu yake alivyofungwa kwa sababu ya alichofanya kaka yake. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba ule ni unyama. Nikatoka nje, nikafungua simu, nikakuta mama mmoja, babu wawili na wewe mnanitaka niseme nimeua.

Siwezi kuwa mtu mmoja darasani na mwingine kwenye simu.

Nimetuma ujumbe kwenye kundi. Nimesema kwa adabu. Nimemwombea Alio rehema, nimewapa pole wazazi wake. Kisha nimesema: mimi sikuua mtu, sikuwapo, na mtu hahesabiwi kwa kosa asilolitenda. Msinihesabu.

Baba hapokei simu yangu tangu hapo. Atapoa.

Abshir


Waberi, Garissa
16 Februari 2025

Abshir,

Hajapoa.

Umesahau shangazi Ramlo ameolewa upande gani? Yumo kwenye kundi. Simu yake ilikuwa juu ya gunia, sauti imefunguliwa, mumewe na shemeji zake wanakunywa chai. Wakakusikia wote. Wanasema ilikuwa sauti nzuri, sauti ya mtu aliyeshiba.

Kesho yake Mzee Salad alifika kwenye kikao na kuuliza, "Yule mkubwa wao kwa elimu amesema nini?" Akasema, "Basi wametuletea maneno ya wachungaji na makarani. Yule wanayemtundika ukutani wamemweka kando, ili kesho wajisifu kwamba hakuwahi kutuomba msamaha." Akainuka, akakung'uta shuka yake. Fidia imerudishwa.

Tuma ujumbe mwingine. Nakuomba. Leo.

Dagane


Waberi, Garissa
11 Machi 2025

Abshir,

Hukujibu. Naandika tena kwa sababu leo Mzee Salad amekuja dirishani kwangu.

Alipanga foleni kama watu wengine. Ni mrefu, ndevu zimetiwa hina, ana kikohozi kidogo. Alitaka kibali cha mbuzi. Nilijua ni yeye nilipoona jina kwenye kitambulisho.

"Adeer," aliniambia, kwa upole, kama baba mdogo anayemwita mtoto wa ndugu yake, "wewe ndiwe Dagane?"

"Ndiyo, adeer."

"Mwandiko wako mzuri. Umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu. Digrii moja."

"Moja." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwangalia dume sokoni. "Na mwenzako?"

"Yuko mbali, adeer."

"Najua yuko mbali. Nauliza digrii."

"Anafanya ya pili."

"Mashallah. Mwanangu Alio nilimtoa shule darasa la saba, ngamia walikosa mtu. Mwalimu wake alikuja nyumbani kunisihi. Alisema mtoto ana kichwa cha hesabu." Aliyekuwa nyuma yake akaguna, naye hakusogea. "Mwenzako anarudi lini?"

"Sijui."

"Karani hajui tarehe?" Watu wakacheka. Hata yeye alitabasamu. "Basi akirudi mwambie nimemuulizia. Na wewe ule, adeer. Umekonda."

Akachukua kibali chake na kwenda. Ukisimulia mahali popote, ni mzee aliyemtakia kijana afya. Mimi nilifunga dirisha, nikakaa chini nyuma ya kabati la mafaili mpaka mwenzangu akaniuliza kama nina malaria.

Usije likizo hii. Baki huko huko.

Dagane


Évora
20 Machi 2025

Dagane,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta hatari. Nimemwona mzee aliyefiwa akimwambia karani ale.

Tangu kidato cha kwanza unaogopa. Uliogopa fisi, ukaogopa mwalimu wa zamu, ukaogopa dawa ya minyoo. Mimi ndiye niliyekuwa nakusindikiza chooni. Nitasema jambo ambalo litakuudhi, lakini huku nimejifunza kusema jambo likiwa bado moto: nadhani hutaki nirudi. Mimi nikiwa mbali, wewe ndiye msomi wa nyumba. Hakuna ubaya. Ila usijifiche nyuma ya Mzee Salad.

Juni tunakwenda kwenye utafiti wa wafugaji. Tumeambiwa tuchague: Mongolia au nchini kwetu. Nimeandika nchini kwetu, visima vya Habaswein. Nitamtembelea mzee mwenyewe. Nitakaa naye, mtu na mtu, nimweleze nilichomaanisha. Nimepita nchi mbili sijui lugha wala mila, na kila mahali nimeona jambo lile lile: watu huelewa wakielezwa.

Abshir


Waberi, Garissa
24 Machi 2025

Abshir,

Unasema watu huelewa wakielezwa. Basi nikueleze wewe, maana inaonekana ulisahau mambo ambayo hata hatukuwahi kufundishwa.

Kisasi kwetu hakimtafuti aliyeua. Jama ni mchungaji asiyejua kusoma. Kumuua Jama, kwao, ni kuvunja fimbo na kumwacha aliyeishika. Hutafutwa yule ambaye akianguka ukoo mzima utakaa chini. Unamkumbuka mwalimu mkuu wa Buna? Hakuwa hata katika kaunti ile siku ugomvi ulipotokea. Alikuwa akisahihisha mitihani alipouawa. Dini imekataza, serikali imekataza, imamu wetu amelia mimbarini Ijumaa mbili. Wazee wa upande wa Mzee Salad wenyewe wamekataza. Lakini hawawezi kukesha wakimchunga kila kijana wao.

Kila nchi unayopita baba yako anaitaja dukani. Kila cheti kinakupandisha. Wewe ulidhani unatoka kwenye ukoo hatua kwa hatua. Kwa wanaokutazama, ulikuwa unapanda juu yake mpaka ukaonekana kutoka kila upande. Na ulipofika juu kabisa, ukasema humjui aliyekufa.

Usije. Futa Habaswein, andika Mongolia. Juu ya wivu sitajibu. Nakuambia tu kwamba kwa kukuzuia sina faida yoyote.

Dagane


Arkhangai, Mongolia
28 Juni 2025

Ina-adeer Dagane,

Asalaam aleikum.

Nilifuta, nikaandika Mongolia. Sikukwambia kwa sababu niliona haya, kisha haya ikazaa haya nyingine, na miezi mitatu ikapita.

Naishi katika hema la mfugaji mmoja, Batsukh. Ana farasi, kondoo, na ng'ombe wenye manyoya marefu kama mazulia. Nilitumwa kupima malisho yake. Siku ya kwanza hakuniuliza ninapenda nini. Aliuliza baba yangu ana mifugo gani, mvua ilinyesha lini, mimi ni mwana wa nani. Nilianza kutaja: mimi mwana wa fulani, wa fulani, nikafika babu wa tisa na mkalimani akaomba maji. Dagane, nilikuwa sijayataja majina yale karibu mwaka mzima. Yalitoka yenyewe. Batsukh alifurahi, akaniongezea nyama. Halafu akauliza, "Na wao, kwenu, wanakutajaje?" Mkalimani akanitazama akingoja. Nikasema wananisalimu sana.

Nimekaa na swali lile. Ulaya nilifurahi kwamba hakuna anayenidai chochote. Hapa nimewaona watu wawili wanaogombana juu ya mto wakipeleka kila mmoja mtoto wake kwa mwenzake akale huko jioni, ili ugomvi usikue. Nimeandika kurasa nyingi juu yao kwa ajili ya shahada. Juu ya hori letu la Habaswein sijaandika mstari.

Kisha nikafungua tena barua yako ya Machi. "Sina faida yoyote." Niliipita mara ya kwanza kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Ni kweli huna faida. Mimi nisipokuja, watamgeukia nani? Umenieleza yote kama karani mwema, na safu moja umeiacha tupu.

Wa pili ni nani, Dagane?

Bado siwezi kusema niliua. Lakini niulizie wanataka nini. Na jibu swali langu.

Abshir


Habaswein
17 Julai 2025

Ina-adeer,

Wajua wa pili ni nani. Nilidhani nisipoliandika halitakuwapo.

Tangu Mei kuna pikipiki iliyokuwa ikinifuata kutoka ofisini hadi Waberi. Haikuwa na haraka. Nikisimama kununua ndizi, nayo inasimama. Aliyeipanda alinisalimu kila siku, na kila siku niliitikia, ningefanya nini? Ebla alisema nihamie Nairobi. Lakini nikihama, atakayefuata ni mdogo wako, aliye kidato cha nne na ambaye kila mtu anasema atakuwa daktari. Nikaona kuhama kwangu ni kumsukuma yeye mbele.

Basi nikapanda gari la Wajir, nikashuka Habaswein, nikaenda kwa Mzee Salad kwa miguu yangu. Nikasema, "Abshir hakuweza kuja. Neno lake nimelibeba mimi. Tumemuua mwana wako, tusamehe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Karani," akasema, "neno hili ulilisema Januari, nami nililipokea. La mwenzako haliwezi kukaa kinywani mwako."

"Basi nirudi, adeer?"

"Urudi wapi? Wewe ni mgeni. Mgeni huondoka mwenyeji anapomruhusu." Na mkewe, Madino, akaniletea maziwa bila kunitazama.

Kwa hiyo niko hapa. Ofisini wanadhani naumwa. Wananikarimu vizuri mno: mkeka mpya, nyama, maziwa asubuhi na jioni. Hakuna aliyenifungia mlango. Nikienda dukani kuchaji simu, mwana mkubwa wa mzee, Salah, ananisindikiza. Ndiye mwenye ile pikipiki. Nilimuuliza kama anasoma Kiswahili, akasema, "Andika tu, mwalimu, andika."

Umeniuliza wanataka nini. Mzee anakutaka wewe. Uje mwenyewe, useme kwa kinywa chako, kisha unywe maziwa kwenye bakuli alilokuwa akinywea Alio. Ukinywa, yamekwisha, na mimi naenda. Nilipata ujasiri, sijui kutoka wapi, nikamuuliza ni nani atakayezuia mtu asikudhuru.

"Aliye mbele yangu nitamzuia," akasema. "Aliye nyuma yangu simwoni."

Salah alikuwa ameketi nyuma yake.

Sijui nikuandikie nini, Abshir. Nikisema njoo, huenda nimekuita kaburini. Nikisema usije, nimejichimbia langu, na baada yangu la mdogo wako. Kazini nimezoea mambo mawili: kibali kimetolewa, kibali kimekataliwa. Hili siwezi kulipiga muhuri. Nakuachia wewe.

Dagane


Waberi, Garissa
2 Agosti 2025

Ina-adeer,

Niko nyumbani kwako. Ebla alifungua mlango nusu.

"Unamtaka nani?"

"Ebla, ni mimi."

"Mimi ni nani? Watu wa sensa walishapita."

"Abshir."

"Abshir yupi? Wa ukutani ameshushwa. Huyu aliyesimama hapa hajahesabiwa, sijui nimpe chai ya nani."

Nikakaa kizingitini. Mwishowe alileta chai, bila sukari, akanisimamia mpaka nikaimaliza, kama unavyomsimamia mtoto na dawa. Akasema, "Kaka yangu anaogopa jogoo wa jirani. Ameenda. Wewe usiyeogopa kitu ulikuwa wapi?" Nilitaka kumtajia nchi. Nikaona zote ni majina tu. Alipochukua kikombe aliniuliza kama nina begi jepesi, kwa sababu lile la magurudumu litakwama kwenye mchanga wa Habaswein. Akanipa lake.

Nilipita dukani. Baba aliuliza kama nimekula, akaingia ndani, hakutoka tena.

Sasa nisikilize. Yanayofuata msomee mzee kwa Kisomali, polepole, usiyapambe.

Adeer Salad, mimi ndiye niliyesema msinihesabu. Nililisema nikiwa mahali pazuri, na pale nilipokuwa lilikuwa kweli. Sikumpiga Alio, na hata mbele ya Mungu sitasema nilimpiga. Lakini nimefikiri juu ya lile hori. Ngamia waliokuwa wakigombewa maji siku ile ni wa kundi lile lile ambalo baba yangu alikuwa akiuza dume mmoja kila muhula ili nisome. Jama alinyimwa shule awachunge, kama ulivyomtoa Alio. Mimi ndiye niliyebaki darasani. Mkate wa ugomvi ule niliula kabla haujaanza, na niliula mimi kuliko Jama. Kwa hiyo naweza kusema "tumemuua" bila kusema uongo, na nitakuja niseme mbele yako.

Naja peke yangu, na gari la kesho kutwa. Mgeni wako naomba aondoke na gari hilo hilo. Ukiona vema aondoke kabla sijanywa. Ukiona vema aondoke baada. Sitabishana.

Na wewe, ina-adeer: niliposema hutaki nirudi, nilikuwa nimeshiba. Nisamehe.

Abshir


Habaswein
4 Agosti 2025

Ina-adeer,

Nimemsomea. Aliniambia nirudie mahali pa ngamia. Nikarudia. Alifunika uso kwa mkono, kisha akamwita Madino na kumwambia aoshe bakuli.

Najua hutaisoma hii kabla ya kushuka. Naandika kwa sababu mikono yangu inataka kazi.

Vumbi la gari lako limeonekana. Wanaume wametoka majumbani na kusimama ukutani kwenye kivuli. Mzee ameinuka kwa fimbo yake na kusimama uani. Ameniambia nibaki nimeketi hapa mkekani. Ruhusa yangu atanipa akimaliza na wewe. Nimemwamini. Nadhani naye anajiamini.

Gari limesimama. Umeshuka. Umenenepa kidogo. Unatembea taratibu, viganja vimefunguliwa watu wavione. Begi la Ebla umeliacha barabarani.

Umefika mbele ya mzee. Sasa unasema. Siyasikii maneno yote, lakini jina la Alio nimelisikia, na mzee ametikisa kichwa kukubali. Amesema kwa sauti, "Maziwa." Madino alikuwa anakuja nalo bakuli. Salah amempokea mlangoni, amesema atalipeleka yeye.

Anapita mbele yangu. Amelishika bakuli kwa mkono wa kushoto. Hakuna mtu kwetu anayempa mgeni maziwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya shuka.

Mzee anakutazama wewe, amempa Salah mgongo. Nawe unamtazama mzee. Wale wa ukutani wanatazama chini. Anayemwona ni mimi tu.

Nasimama.